Tuikague propela shafti kabla haijatuacha njiani

(Maelezo yaliyotolewa Ipogolo, Iringa, kwa kamati za parokia na wafadhili)



Hapa Ipogolo tuko chini ya mji wa Iringa, kando ya barabara kuu ya TANZAM, ambapo malori hupita usiku na mchana kwenda Mbeya na Tunduma. Ndipo pia inapoanzia barabara ya Kilolo. Ni mahali panapofaa kuzungumzia kifaa ambacho abiria hawakioni: propela shafti.

Huu ni mhimili mrefu chini ya gari, unaopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu ya nyuma. Magurudumu yanapopanda na kushuka kwenye mashimo, mhimili huo lazima upinde kidogo kwenye maungio yake huku ukizunguka. Kazi hiyo hufanywa na krosi, kipande cha chuma chenye umbo la msalaba na vikombe vinne vyenye beringi za sindano. Grisi ikiisha, au matope yakiingia, sindano husagika na krosi huanza kucheza.

Gari hutoa taarifa mapema. Mlio wa chuma husikika dereva anapoachia klachi. Gari hutetemeka likishika mwendo. Vumbi jekundu la kutu huonekana kwenye vikombe. Ili kuhakikisha, gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yawekewe kabari, injini izimwe na gia iwe huru. Kisha shafti ijaribiwe kwa mkono, huku na huku. Krosi ikicheza, ibadilishwe nzima, si kikombe kimoja. Fundi aweke alama kabla ya kufungua, maana masikio ya ncha mbili za shafti yasipokaa sambamba, gari litatetemeka hata kwa krosi mpya.

Tukipuuza, hatari ni kubwa. Shafti ikikatika upande wa mbele gari likiwa kwenye mwendo, inaweza kuchoma barabara na kulinyanyua gari, au kukata mabomba ya breki. Lori likiwa kwenye mteremko kama wa Kitonga, dereva hukosa msaada wa injini wa kupunguza mwendo. Katika Land Rover nyingi za zamani, breki ya mkono nayo hutegemea shafti ya nyuma, ikikatika, haishiki. Na ndani ya gari hilo huenda yumo mama mjamzito anayewahishwa hospitali.

Kwa hiyo tunaziomba kamati mambo matatu: grisi iwekwe kwa ratiba, hasa baada ya safari za masika, kila ukaguzi uandikwe kwenye daftari la gari, na bajeti ya mwaka iwe na fungu la vipuri lisiloguswa kwa shughuli nyingine.

Kwa wafadhili wetu, tunasema kwa heshima: gari jipya hupigwa picha, krosi haipigwi picha. Lakini bila krosi, gari hilo ni banda la kuku. Msaada wa gari uambatane na fungu la matengenezo yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu uko chini ya gari, tuiname tuutazame.