Kale, Kongwe na Kuukuu

Mhadhara wa umma uliotolewa Mombasa

 

Miaka michache iliyopita barua ilibandikwa mlangoni mwa nyumba moja ya Mji wa Kale. Ilitoka katika ofisi ambayo sitaitaja, nayo iliandikwa kwa lugha mbili. Upande wa Kiingereza jengo lile liliitwa "old". Upande wa Kiswahili mtafsiri aliandika "jengo kuukuu". Mwenye nyumba, mama mtu mzima, aliisoma barua hiyo akiwa amesimama barazani, akairudia, kisha akanigeukia. "Mwanangu," akaniambia, "nyumba hii ni ya kale. Kuukuu ni leso."

Mama yule alisema kweli, na jioni ya leo nataka kueleza kwa nini.

Sifa ile ya Kiingereza ni kama jamvi la msibani: kila ajaye hukaa hapo hapo. Rafiki mliyesoma pamoja madrasa, wali wa jana, babu wa miaka 90, mwalimu aliyekufundisha kabla hujahama shule, mji wa Roma, wote wamekaa jamvini. Hata mtoto aliyezaliwa juzi, umri wake huulizwa kwa neno hilo hilo. Sisi kila mgeni tunamwonyesha kiti chake. Rafiki ni wa siku nyingi. Mwalimu ni wa zamani, maana yake hanifundishi tena, hata akiwa kijana wa miaka 30. Wali wa jana umelala, na ukishalala ni mwiku. Babu ni mzee. Mtoto tunauliza ana siku ngapi, basi.

Na kuna vitu ambavyo umri wake hautaki sifa yoyote, unataka jina jipya. Mtazameni mwuza madafu, panga mkononi, namna anavyoligonga kila moja kwa kidole kabla hajalikata. Anasikiliza umri. Tunda la mnazi huanza likiwa kidaka. Likikua ni kitale, likijaa maji matamu ni dafu, nyama ikianza kukaza na maji kupoteza utamu ni koroma, likikomaa ni nazi, na nazi ikikaukia ndani ya kifuu chake ni mbata. Tunda moja lina majina sita, na hakuna hata moja linalosema limezeeka. Mpishi akikutuma nazi ukamletea koroma, hatakwambia umeleta changa. Atakwambia hukuleta nazi.

Turudi kwenye leso ya mama yule. Neno kuukuu ni kuu lililosemwa mara mbili. Moja tu ni ukubwa na heshima: Mungu Mkuu, sikukuu, Ndia Kuu, barabara inayopita katikati ya Mji wa Kale. (Mkutano wa 1928, uliofanyika papa hapa Mombasa, uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na vitabu vikaandika njia badala ya ndia. Mtaa wetu umebaki na ndia yake, nami nafurahi kila ninapoiona imeandikwa.) Ukilirudia neno, heshima inageuka uchakavu: viatu vikuukuu, kanzu kuukuu, gari kuukuu. Kuukuu ni kitu kilichotumika mpaka matumizi yakaonekana mwilini mwake.

Lakini msilidharau neno hilo. Leso mpya ina wanga, ni ngumu, hukwaruza. Mtoto mchanga hafungwi leso mpya. Hutafutwa ile iliyofuliwa miaka na miaka, ambayo rangi yake imeshafifia na maandishi yake hayasomeki tena, ikawa laini kama kiganja cha bibi. Nami nilipokelewa duniani kwa leso kuukuu, na wengi wenu pia. Wazee wetu walilipa neno hilo methali yake: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Kamba ya siku nyingi bado ni kamba, na ukambaa wa leo asubuhi ni ukambaa tu.

Kwa hiyo mama yule hakuliona neno kuukuu kuwa tusi. Alichokiona ni kwamba limewekwa mahali pasipo pake. Kilicho kuukuu mwisho wake kinajulikana: hukatwa kikawa kitambaa cha kufutia, au hutupwa. Ukiiita nyumba kuukuu, umeshaanza kuibomoa.

Kongwe lina njia yake nyingine. Ukimwambia mtu kikongwe, ile ki- imemkunja na kumdogosha, na ndiyo maana Mombasa tunasema "mtu mzima" kwa adabu, tukimaanisha mwenye umri uliotimia. Iondoe ki-, ubaki na mkongwe, na heshima inarudi: mwanasiasa mkongwe, mwimbaji mkongwe, klabu kongwe. Hapo umri umekuwa ushindi. Ndugu zetu wa Unguja waliuita mji wao Mji Mkongwe, nao ukaingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Lamu ilifuata mwaka 2001, nayo ni Mji wa Kale kama sisi. Hapa kwetu kilichoorodheshwa, mwaka 2011, ni Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mji wenyewe ulikuwa na watu kabla ya Mreno kufika, na watu wamo hadi leo.

Sasa kale lenyewe. Kwa sarufi, kale si sifa. Halikubali kiambishi: hatusemi mji mkale wala nyumba nkale. Tunasema hapo kale, tangu kale, watu wa kale. Kale ni wakati. Mji wa kale ni mji wa wakati ule, kama vile mwana wa fulani ni wa fulani. Kuukuu husimulia hali ya kitu, na kale husimulia nasaba yake. Nyumba yaweza kuwa ya kale ikawa imara kuliko ghorofa la mwaka jana.

Sheria ya nchi nayo imejaribu kuipimia kale mipaka. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inakitambua kitu cha kuhamishika kuwa cha kale kikiwa kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, mwaka ambao Waingereza walitangaza himaya yao. Mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki inalindwa ikiwa ilichongwa kabla ya 1946. Naona ajabu, na vizuri, kwamba mlango umepewa tarehe yake. Aliyeandika kifungu kile alijua kwamba huku pwani mlango ni uso wa nyumba.

Swali la maneno linafika hadi kwa fundi. Kuta za nyumba zetu za kale ni mawe ya matumbawe na chokaa. Upana wa chumba umeamuliwa na urefu wa boriti, mti wa mkoko, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Fundi akiambiwa nyumba ni kuukuu, hupiga saruji juu yake ili ionekane mpya. Saruji huufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu michache plasta huanguka pamoja na uso wa jiwe. Fundi akiambiwa ni ya kale, huuliza: ilijengwa kwa vitu gani? Swali hilo moja limeokoa kuta nyingi.

Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu na kuishi hapa Mombasa, aliyafanyia maneno kazi kama hiyo. Kitu kipya kilipoingia, alikwenda kwanza kwenye hazina ya lahaja na ushairi wa pwani kutafuta jina. Leo tunasema runinga bila kumkumbuka.

Nawaomba wenye kuandika ripoti, barua na mabango ya mji huu: msitafsiri mkiwa mezani tu. Na ninyi wanafunzi, mkitoka hapa jioni hii piteni Ndia Kuu. Simameni mbele ya mlango mmoja uliochongwa, mpigieni hodi mwenyewe, mumsalimie kwa adabu, kisha mumuulize yeye anaiitaje nyumba yake. Andikeni jibu kama alivyolisema.