Kulala kwetu si kubaki peke yetu: maneno kwa wanafunzi wapya wa Goma



Tunajua mmechoka, na wengi wenu mnaangalia saa. Jua likianza kushuka, kila mmoja anawaza feza ya moto, mvua, giza, na mama anayengoja bidoni ya maji. Hatutawashika sana. Tuko na jambo moja tu la kuwaambia, na sisi wenyewe tulilijua kwa kuchelewa.

Sisi wengi hapa tunalalaka kwa wazazi. Asubuhi tunatoka Ndosho, Katoyi, Majengo, Mabanga, tunaikaa pembeni ya mtu ambaye hatujui jina lake, tunaandika, tunarudi. Mwaka wetu wa kwanza ulipita vile. Tulikuwa zaidi ya 200 katika oditwari moja. Tulikuwa na grupu ya WhatsApp, na tulifikiri ule ndio urafiki. Kumbe ilikuwa ubao wa matangazo: "Profesa amefika?" "Nani iko na silabusi?" Basi.

Kulikuwa na ndugu mmoja, mstari wa tatu, kijana wa kuazima watu kalamu. Siku moja kiti chake kikabaki wazi. Juma la pili, wazi. Juma la tatu, mtu mwingine akakikalia. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mmoja alifikiri mwingine anajua. Mitihani ilipoisha, mmoja wetu alimkuta Birere, anabeba mifuko ya unga. Alikuwa amebakiza dola 40 ya minerivali, na bila kulipa hakuingia kwenye mtihani. Alituambia: "Si feza tu nilikosa. Nilikosa mtu wa kuambia."

Dola 40. Sisi tulikuwa zaidi ya 200. Fanyeni hesabu wenyewe.

Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa watu wasiojuana. Zamani kule Lovanium, Kinshasa, wanafunzi wengi walikuwa wanaishi pamoja kwenye kampasi. Walikula pamoja, walilala chumba kwa chumba. Tarehe 4 Juni 1969 walipotoka barabarani, na askari wakawapiga risasi, waliotoka walikuwa watu wanaojuana kwa jina. Sisi wengi hapa hatuna nyumba za wanafunzi. Kwao urafiki ulikuja na kitanda. Kwetu lazima tuutafute. Mtu akikungoja uje kwake, na wewe ukimngoja aje kwako, miaka itaisha na mtaagana siku ya diploma kama abiria wa basi moja.

Tufanye nini? Tutawaambia yale yaliyotusaidia.

Kwanza, tujuane kwa njia. Wanaorudi Ndosho watembee pamoja, wanaorudi Majengo vilevile. Mkitembea nusu saa mtasikia mengi ambayo oditwari haisemi: nani hajala, nani baba yake ni mgonjwa, nani hakuelewa hesabu. Haihitaji feza wala chupa ya bia. Tena giza likianza, watu watano wanaogopa kidogo kuliko mmoja.

Pili, tusiwafiche wazazi. Sote tumesikia: "Wewe unasomaka ama unatembeaka?" Tusikasirike. Katika mji huu, mtoto akichelewa mzazi hawazi muziki, anawaza risasi. Basi mlete rafiki nyumbani. Mama atamuuliza jina, atamuuliza wazazi wake, atampa bugali na sambaza. Akija mara mbili, siku ukisema "niko kwake, tunasoma", mama atalala usingizi.

Na kuna jambo lingine hapo. Nyumbani mwetu, tuseme ukweli, tunasikiaka maneno juu ya "wale watu". Kila kabila iko na "wale watu" wake. Mmoja wetu alileta rafiki ambaye jina lake peke yake lilinyamazisha sebule. Baba hakusema kitu. Mara ya tatu, yule kijana alikosa kuja, na baba ndiye aliyeuliza: "Mwenzako iko wapi? Ni mzima?" Hotuba zetu zote hazijawahi kufanya kazi kama sahani ile.

Tatu, kaka zetu, sikieni vizuri. Dada zetu wanaolala kwa wazazi wanasoma mara mbili: wanasoma darasani, halafu wanapika, wanafua, wanachota maji. Mkipanga kusoma saa kumi na mbili jioni mbali na kwao, mmeshawatoa. Twendeni kwao, mchana, mlango wazi, wazazi wanaona. Na mkikuta maji imeisha, chukueni bidoni. Mkono wa kiume haukatiki kwa kubeba maji.

Nne, tuwaangalie wenzetu waliotoka Masisi, Rutshuru, Walikale, wanaopanga chumba kidogo cha mbao. Sisi tunalalamika kwamba nyumbani kuna kelele na kazi nyingi. Wao wanarudi kwenye chumba ambacho hakuna mtu wa kuwauliza "umekula?" Sisi tuko na chakula, wao wako na kimya cha kusomea. Tugawane. Huo si msaada, ni kubadilishana.

Hatusemi tuhame kwa wazazi. Kulala kwetu ni bahati: kuna paa, kuna sahani, kuna mtu anayesikia ukikohoa usiku. Lakini bahati ile inaweza kutufunga, mpaka mwenzetu anapotea na sisi hatuna habari.

Kwa hiyo tunawaomba kitu kidogo. Kabla ya juma hili kuisha, kila mmoja wenu ajue nyumba tatu za wenzake. Tunasema nyumba, hatusemi namba za simu. Ajue mlango, na ajue jina la mama wa pale. Na mkiona kiti kimebaki wazi siku mbili, ya tatu mtu aende abishe hodi.

Ndugu yetu wa mstari wa tatu alirudi mwaka uliofuata. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho, na leo iko hapa, nyuma kabisa, anaazima watu kalamu. Mkitoka, msalimieni. Lakini alipoteza mwaka mzima, na ule mwaka hakuna mtu wa kumrudishia.

Sasa muende, na muende pamoja.