Makupa: Mlango wa Bahari Uliozibwa Mombasa



Ukitajiwa Mombasa ya wakoloni, akili hukimbilia Kilindini, kwenye magati na winchi. Leo naomba tuzunguke nyuma ya kisiwa hadi Makupa, mahali ambapo abiria wa matatu hupita bila hata kuchungulia dirishani.

Bahari imekikumbatia kisiwa hiki kwa mikono miwili. Mmoja unapita Bandari ya Kale na kupanda hadi Tudor. Wa pili unaingia Kilindini, penye kilindi kweli, hadi Port Reitz, panapoitwa kwa jina la luteni wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1824. Mikono hiyo ilikutana Makupa. Maji yakipwa, mtu alivuka kwa miguu; yakijaa, mji ulilala salama. Nami husikia neno “kupwa” ndani ya jina lenyewe. Mwaka 1589 Waturuki wa nahodha Mir Ali Bey waliweka merikebu kivukoni hapo kuwazuia Wazimba, wavamizi waliotoka bara. Wareno walipofika na kuwashinda Waturuki, Wazimba wakavuka. Baadaye Wareno nao wakajenga vigome papo hapo.

Reli ilipoanza mwaka 1896, lilijengwa daraja la mbao, kisha la chuma lililopewa jina la Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza. Madaraja hayo yalikuwa na miguu, na maji yalipenya katikati. Mwaka 1926 Kilindini ikapata magati yake ya kwanza ya kina kirefu. Meli sasa zilifunga ukutani, wala hazikungoja matishari. Shehena ikaongezeka, yote ikitaka kwenda bara, na mwishoni mwa mwongo huo serikali ikajaza tuta Makupa. Garimoshi na motokaa zikapita. Bahari ikabaki imesimama pande zote mbili.

Maji yasiyozunguka hutua tope lake. Bamvua lililokuwa likisafisha mkondo likaja kugonga tuta na kurudi lilikotoka, mikoko ikasongwa, na miaka mingi baadaye jaa la Kibarani likaota ukingoni. Mhandisi wa tuta aliona reli tu. Mvuvi hakuwamo kwenye ramani yake.

Wala si kwamba njia nyingine haikujulikana. Nyali mwaka 1931 ilipata daraja la kuelea, lililopanda na kushuka pamoja na maji, likahudumu hadi 1980.

Daraja jipya la Makupa lilifunguliwa mwaka 2022, na mojawapo ya sababu za kulijenga ilikuwa kuyarudishia maji njia. Yaani tuta lilidumu zaidi ya miaka 90, muda mrefu kuliko utawala uliolijaza.

Kesho maji yakipwa tutakuwa pale chini, tukitazama yanavyopita. Atakayekuja avae viatu asivyovionea huruma, maana tope lile ni la tangu enzi ya tuta.