Bangi ya Afghanistan na Afya ya Mwanao
Leo tuzungumzie bangi ya Afghanistan. Katika mkoa wa Balkh, wakulima wamepanda mbegu za kienyeji vizazi na vizazi. Mmea ukikauka, huchekechwa ili kupata utomvu uitwao charas. Mwaka 2023 watawala wa Taliban walipiga marufuku kilimo hicho.

Usidanganywe kwamba mmea wa asili hauna madhara. Charas ina nguvu kuliko majani. Kijana anayeivuta mara kwa mara anaweza kuwa msahaulifu, hata kuchanganyikiwa akili. Mzazi, ukiona mwanao anajitenga na kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usimpige wala usimfiche. Mpeleke hospitali mapema. Anaweza kupata nafuu.