Panga Jema na Ala Yake



Zamani wahunzi wa Ukamba walikusanya mchanga mweusi wenye chuma katika mito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto. Siku hizi wahunzi wa Kitui na Makueni hutumia springi za magari makuukuu. Chuma hutiwa motoni mpaka kiwe chekundu, kikafuliwa juu ya fuawe. Kisha huja kazi iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kukitia maji.

Panga likichovywa majini lingali jekundu huwa gumu sana, lakini laweza kukatika kama kioo likigonga mti mkavu, na kipande chake kikampofusha mtu. Kwa hiyo fundi mwangalifu hulirudisha motoni kidogo, ili ugumu upungue, makali yabaki.

Mwisho ni ala. Ngozi ya ng'ombe hulowekwa, ikakatwa kwa umbo la panga, ikashonwa, ikaachwa ikauke. Mtu akijikwaa porini na panga tupu, panga lake mwenyewe humjeruhi. Basi, anunuaye panga asirudi nyumbani bila ala.