Pancha: Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Tundu Liko Wapi

Mazungumzo kwa wahudumu wa matatu, bodaboda na wenye magari, Kaunti ya Taita Taveta



Tairi likipasuka kwenye tambarare za Voi, huenda dereva akapata nafasi ya kulishikilia gari hadi lisimame. Likipasuka kwenye kona za kuteremka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate, gari limejaa abiria, nafasi hiyo ni finyu mno. Kwa hivyo swali la kwanza kwa fundi wa pancha lisiwe bei. Liwe: tundu liko wapi?

Sehemu ya tairi inayokanyaga barabara ni nene. Ubavu ni mwembamba, nao hujikunja na kujinyoosha kila gurudumu linapozunguka. Kiraka hakidumu mahali panapojikunja hivyo. Msumari ukichoma ubavuni, au begani pale meno yanapokutana na ubavu, tairi la gari dogo limekwisha hata kama lilinunuliwa mwezi jana. Inauma mfukoni, lakini fundi mwaminifu hatasema vinginevyo.

Tundu la katikati ya meno linazibika, mradi lisizidi milimita 6, yaani pungufu kidogo ya unene wa penseli.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Inayopendwa kando ya barabara ni uzi wa mpira. Fundi anachomoa msumari, anaparuza tundu, anausukuma uzi kutoka nje na kukata ncha. Dakika chache tu, gari limeondoka. Kwa kumfikisha mtu mjini, uzi unafaa. Kwa kukaa nao mwaka mzima, haufai: fundi hakuona ndani ya tairi, na maji yakipenya kando ya uzi huzifikia nyuzi za chuma na kuzitia kutu polepole, bila dereva kujua.

Kazi kamili huanza kwa kulitoa tairi kwenye rimu. Fundi analikagua kwa ndani, analisafisha, kisha anabandika kiraka chenye mkia, mfano wa uyoga. Kichwa huziba kwa ndani, mkia hujaza tundu. Gharama yake ni kubwa kuliko ya uzi, na muda pia. Abiria watanung'unika. Wacha wanung'unike.

Kulitoa tairi kuna faida nyingine. Dereva aliyeendelea na safari tairi likiwa halina upepo huwa amelisaga ubavu kwa ndani. Fundi akikuta unga mweusi wa mpira humo, au mikunjo iliyochubuka ubavuni, hapo hakuna cha kuziba tena, hata tundu likiwa dogo kama la sindano. Kwa nje tairi hilo laweza kuonekana zima kabisa.

Kuna tabia mbili za kuachwa. Ya kwanza ni kulishindilia tairi lililochanika kipande cha tairi kuukuu kwa ndani. Mchaniko haujafungwa; umefichwa tu. Ya pili ni kuweka tyubu ndani ya tairi lisilo la tyubu ili kukwepa kuziba tundu. Tyubu husuguana na tairi, joto hupanda, na ikitoboka upepo hutoka kwa ghafla badala ya kuvuja kidogo kidogo.

Kwa bodaboda nyingi, tyubu ndiyo mpango wenyewe, na kiraka kizuri kinatosha. Kinachowarudisha vijana kwa fundi mara mbili kwa siku moja mara nyingi ni mwiba uliobaki kwenye tairi. Kabla ya tyubu kurudishwa, tairi lipapaswe lote kwa ndani, polepole, kwa kitambaa. Kidole kitupu kitachomwa. Na tyubu iliyochanika kwenye nozeli haina dawa, inunuliwe mpya.

Mwenye gari akiona msumari umekaa kwenye tairi na upepo bado upo, asiuchomoe. Auache uzibe tundu lake mwenyewe, aende taratibu hadi kwa fundi. Gurudumu likisharudishwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, maana zilizokazwa leo hulegea kidogo safarini.