Kazini Twakaribishwa, Uzeeni Twaulizwa Akiba: Hesabu ya Viza ya Kustaafu Ghuba

Najua wengi wenu muko chini ya miaka 30, na mada ya leo ni kustaafu. Mtu atasema, hiyo ni mada ya wazee. La. Mzee hana tena la kupanga, ameshapangiwa. Mwenye kupanga ni wewe.

Hakuna mtaa hapa Mombasa, Malindi, Lamu ama Garissa usio na mtu Ghuba. Dada yuko Riyadh, kaka yuko Doha, binamu yuko Dubai. Na wengi wana ndoto moja: nitafanya kazi miaka 20, nizoee, nizeekee huko, nilale nikisikia adhana. Ndoto nzuri. Lakini viza ya kazi ni mlango mmoja na viza ya kustaafu ni mlango mwengine, na funguo zake hazifanani hata kidogo.

Tuchukue Dubai, manake masharti yake yako wazi. Viza ya kazi imefungwa kwa mwajiri. Kazi ikiisha, wapewa muda wa kupata kazi nyengine ama uondoke. Haijalishi umekaa mwaka mmoja ama 25. Miaka haigeuki kuwa haki ya kubaki.

Mwaka wa 2020 Dubai ikafungua mpango wa viza ya wastaafu, ya miaka 5, yenye kuongezwa. Ukitaka kuingia, uwe umefika miaka 55 na umefanya kazi angalau miaka 15, huko ama kwengine. Halafu ndiyo yaja pesa. Uwe na mapato yasiyopungua dirham 15,000 kwa mwezi. Ama akiba ya dirham milioni 1 iliyofungwa benki. Ama nyumba yako ya dirham milioni 1. Ama ugawanye, nyumba ya nusu milioni na akiba ya nusu milioni. Juu ya hayo, bima ya afya.

Sasa tufanye hesabu kwa shilingi zetu. Dola ikiwa shilingi 129, dirham moja ni kama shilingi 35. Dirham 15,000 ni takriban shilingi 525,000 kila mwezi, na hapo wewe hufanyi kazi. Milioni moja ya dirham ni takriban shilingi milioni 35.

Chukua mfano wa dada anayelipwa dirham 1,000 kwa mwezi kwa kazi za nyumbani. Tuseme hali, hanywi, hatumi nyumbani hata shilingi, hanunui hata kanga. Aweka zote. Kufikisha milioni moja yamtaka miezi 1,000. Ni zaidi ya miaka 83!

Na tazameni hili: miaka 55 ataifikisha, inshallah. Miaka 15 ya kazi ameipita zamani. Yeye ndiye aliyeilea miji ile, kapika, kafagia, kauguza wazee wa watu. Sharti la umri amepita, sharti la kazi amepita. Linalomtoa ni moja tu, pesa.

Mtu atauliza, kwani hakuna malipo ya uzeeni huko? Mfuko wa pensheni wa Imarati ni wa raia wao na raia wa nchi za Ghuba. Mfanyakazi mgeni wa kampuni binafsi hupata kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Kaka mwenye mshahara wa msingi wa dirham 2,000 akikaa miaka 20, hiyo ni siku 555. Apata dirham 37,000, karibu shilingi milioni 1.3. Si haba, aweza kujenga chumba. Lakini kwa mlango ule wa milioni moja, hajafika hata asilimia 4.

Na hii si Dubai peke yake. Malaysia, nchi ya Kiislamu nayo, katika mpango wake wa makazi ya muda mrefu daraja la fedha lataka amana ya dola 150,000 pamoja na kununua nyumba. Thailand, ukiwa na miaka 50, wataka baht 800,000 benki ama mapato ya baht 65,000 kwa mwezi.

Na sisi je? Kenya pia ina mlango huu. Unaitwa kibali cha daraja K. Mgeni awe na miaka 35 na zaidi, awe na mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka, na akubali kutofanya kazi ya mshahara. Ndiyo maana mwawaona wazee wa Kizungu Malindi na Diani wameketi raha mustarehe. Pensheni ya kwao imewafungulia mlango wa kwetu. Dola 2,000 kwa mwezi, kama shilingi 258,000. Kwa hivyo tusiseme Mwarabu ama Mzungu ni mbaya. Kila serikali yataka jambo moja: mzee mgeni asije akawa mzigo wake. Swali letu ni kwa nini mzee wa Italia afikie sharti la Malindi, na mzee wa Malindi asifikie sharti la mahali popote.

Jibu ni mfumo. Yule mzee alipokuwa kijana, kila mshahara ulikatwa. Hakungoja apate pesa nyingi ndiyo aanze.

Sasa nawapa mambo manne ya kushika, manake afisa wa viza popote duniani haulizi tu una ngapi.

La kwanza, auliza pesa zatoka wapi. Pensheni, kodi ya nyumba, faida ya biashara, yote sawa, lakini yawe na karatasi. Wengi wetu biashara iko mkononi na kwa simu, haina kitabu. Mtu aweza kuwa na nyumba tatu za kupangisha Kisauni na asiweze kuthibitisha hata moja, manake hati haiko kwa jina lake na kodi yalipwa taslimu. Machoni pa afisa, huyo hana kitu. Sajili, andika mikataba, pitisha benki.

La pili, auliza zimekaa muda gani. Hapa ndipo vijana wanapoliwa na mawakala. Wakala akwambia, "Usijali, tutakuwekea pesa kwa akaunti wiki mbili, upate stetimenti, halafu tutoe." Mwajua kwa nini Thailand huangalia kama pesa zimekaa miezi 2 kabla ya kuomba, na miezi 3 baada ya kupewa? Kwa sababu ujanja huo waujua. Pesa ya kuazima na karatasi ya kughushi hukunyima viza ya leo na kukuharibia jina la kesho. Na ni uongo, hata kama hakuna afisa aliyekuona.

La tatu, sarafu. Sharti liko kwa dirham, akiba yako iko kwa shilingi. Mapema 2020 dola ilikuwa kama shilingi 102. Januari 2024 ikafika kama 160. Kisha ikarudi 129. Zile dirham 15,000 zilikuwa kama shilingi 420,000, zikapanda hadi kama 650,000, zikashuka tena. Dirham ni zile zile 15,000, ni shilingi yetu iliyobadilika. Mwenye kupanga maisha ya ng'ambo kwa shilingi tupu aacheze na upepo. Akiba nyengine iwe ardhi, nyumba, ama sarafu ile utakayolipia.

La nne, halali yake. Amana ya kufungwa benki huzaa riba, na wengine wanaiacha ndoto kwa hilo tu. Si lazima. Dubai ina benki ya Kiislamu tangu 1975, na Malaysia pia wana amana za mudharaba. Uliza mapema kama amana hiyo itakubaliwa kwa viza. Wala usisahau zaka: milioni moja iliyolala mwaka mzima wa hijria, asilimia 2.5 ni dirham 25,000. Keti na sheikh wako uelewe, usije ukaishangaa baadaye.

Basi wewe wa miaka 22 ufanye nini? Anza na kilicho karibu. NSSF yapokea hata asiyeajiriwa, mama ntilie, mwendesha bodaboda, na aliye ng'ambo pia. Mpango wa Haba Haba ni shilingi 25 kwa siku, bei ya mahamri mawili matatu. Ukienda Ghuba, usitume yote nyumbani. Familia ina haki yake, na uzee wako una haki yake. Tuma, lakini kabla hujatuma, ondoa fungu la uzee. Tena liwe kwa jina lako, si kwa jina la kaka wala mjomba. Ni wangapi wamerudi na sanduku moja wakakuta kiwanja kimeandikwa mtu mwengine?

Na kuna lisilowezwa na mtu mmoja. Serikali yetu hufanya mikataba ya kupeleka wafanyakazi. Tuwaulize wabunge wetu: katika mikataba hiyo, pensheni iko wapi? Kwa nini mkataba utaje tikiti ya ndege na usitaje akiba ya uzeeni? Mwajiri achangie, mfanyakazi achangie, pesa zimfuate arudipo. Hiyo si sadaka tunayoomba, ni jasho la watu.

Mwenye kutaka kustaafu Dubai, Allah amfungulie. Lakini hata usipovuka bahari, mzee mwenye mapato yake haombi ruhusa ya kuishi, si ughaibuni wala nyumbani kwa mwanawe. Leo ukirudi, shika kalamu na uandike mambo mawili tu: una miaka mingapi hadi ufike 55, na fungu la mwezi huu ni ngapi. Maswali leteni, tuko pamoja.